Mjadala: Fedha za kiharusi ziende kwenye CT-scan au kwenye presha?

Mwanzisha mada, Moshi: Wadau wa Kilimanjaro na Arusha, fedha zikipatikana tununue CT-scan nyingine, mashine ya kupiga picha ya ubongo, au tuzipeleke zahanati kupima na kutibu presha inayoleta kiharusi? Mimi nasema zahanati. Pingeni kwa hoja.

Sakina: Napinga. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho wake ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na bila picha ya ubongo hujui mshipa umeziba au umepasuka. Ukikosea, umeua. Mtu wa Longido, aliye mbali na CT-scan, afanyeje?

Mtakwimu wa Rau: Mfano wa Longido unakuponza, ndugu. Aliyeamka mdomo umepinda hajui kilianza saa ngapi, hizo saa 4 unazihesabu kutoka wapi?

Tuje kwenye takwimu. Utafiti wa kiharusi wa 2003 hadi 2006 ulilinganisha wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam. Hesabu ghafi kwa mwaka: wagonjwa wapya 94.5 kwa kila watu 100,000 Hai, 107.9 Dar. Karibu sawa. Ukisawazisha umri, yaani ukihesabu kana kwamba pande zote zina mchanganyiko uleule wa vijana na wazee, Hai inakuwa 108.6 na Dar 315.9! Dar imejaa vijana, Hai ina wazee wengi, kwa hiyo pengo la karibu mara tatu lilijificha. Anayesema kiharusi kimepanda au kimeshuka kwa kuhesabu vitanda vya wodini, mwambieni alete na umri.

Halafu duniani, kati ya 2000 na 2019, umri wa kuishi ulitoka kama miaka 67 hadi 73, lakini miaka ya afya njema ilitoka 58 hadi 63 na ushee. Miaka ya kuishi na ugonjwa haikupungua, ndiyo maana nasema tuzuie mapema. Japani kiharusi kiliongoza kwa kuua kuanzia 1951 hadi 1980, na vifo vilianza kushuka miaka ya 1960, CT-scan haijazaliwa. Walipima presha, wakapunguza chumvi.

Nesi Pasua: Sawa, ila zahanati mnazozitetea zinapima ovyo. Mtu kapanda mlima, hajapumua, mkono unafungwa juu ya sweta. Akae dakika 5, aegemee, asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, asiongee. Pima mara 2, katikati dakika 1. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na mtu mzima wa afya anaanzishiwa dawa.

Mfamasia: Wengi wanaacha amlodipini, dawa ya presha, wakijisikia nafuu, au miguu ikivimba wakidhani ni figo. Waambiwe mapema kwamba dawa yenyewe huweza kuvimbisha. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na magadi ya makande na kiburu (ndizi na maharage) yahesabiwe. Nayo ni sodiamu.

Sakina: Magadi nimekubali. Aliyeanguka leo je?

Nesi Pasua: Asinyweshwe kitu, hata maji, kumeza kukiharibika vinaingia mapafuni. Alale ubavu. Apimwe sukari kabla ya rufaa, maana ikishuka sana inaiga kiharusi kabisa, na glukosi ya mshipani inaweza kumwinua palepale zahanati.