Mkate wa mahindi wa Kusini mwa Marekani unamomonyoka, kosa ni langu au ni la unga?

MamaWatatu_Kondele
Wadau hamjambo. Nataka kupika na watoto mkate wa mahindi ule wa Kusini mwa Marekani. Vipimo: unga wa ugali wa paketi vikombe 2, mala (maziwa lala) vikombe 2, mayai 2, siagi vijiko vikubwa 4, beking pauda kijiko cha chai 1, beking soda nusu, chumvi 1. Sina oveni, naokea ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, juu ya makaa. Umetoka mweupe juu, kando unamomonyoka, katikati kama ugali wa jana. Niongeze ngano?

Mwokaji_Nakuru
Ngano iache, mama. Wanaoshika mapishi ya zamani kule Kusini hawatii ngano wala sukari. Utamu ni mambo ya Kaskazini, na huko ni karibu keki. Vipimo vyako havina neno, tatizo ni unga na moto.

Unga wa paketi ni laini mno. Unanywa mala upesi halafu unagandamana, ndio huo ugali wako. Nenda na mahindi meupe kwenye mashine ya posho, usagiwe mara moja tu. Ukiusugua kati ya vidole uhisi kama mchanga mwembamba. Usihangaike na ya manjano, hata Kusini wengi hupendelea meupe.

Loweka unga na mala dakika 20 kabla ya kitu kingine, chembe zilainike. Kisha mayai na chumvi. Soda na pauda ziingie mwisho kabisa, chombo kikiwa tayari motoni: soda ikikutana na asidi ya mala inaanza kutoa gesi papo hapo, na ukikawia inapotea yote. Mchanganyiko uwe kama uji mzito unaomiminika.

Sasa chombo. Kikaango kizito cha chuma, upana wa sentimita 25 hivi. Yeyusha siagi humo mpaka itulie kutoa povu, mimina nyingi kwenye mchanganyiko, bakiza kidogo. Ukimwaga uji lazima uchacharike. Usipochacharika hutapata ganda la chini, na mkate usio na ganda ndio unaomomonyoka.

Jikoni254
Kuhusu weupe wa juu: makaa yako yako chini tu. Weka kifuniko cha bati, theluthi mbili ya makaa juu yake, theluthi moja chini. Na mchanga unachelewa kushika moto, uache upate joto dakika 20 kabla ya kuingiza kikaango. Dakika 25 zinatosha, chomeka kijiti kitoke kikavu.

Wa Nakuru, huko kwenu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari punguzeni pauda robo, la sivyo mkate unafura kisha unabonyea katikati. Kisumu ni chini zaidi, shida hiyo ni ndogo.

Mgeni_Mumias
Nina magadi ya mboga tu. Yatafaa badala ya soda?

Mwokaji_Nakuru
Hapana, ndugu. Ni makali kuliko beking soda, nguvu yake haipimiki kwa kijiko, na mkate utanuka sabuni.

Shangazi_Kakamega
Mmesahau kitoweo! Mkate huu huliwa na collard greens, mboga ndugu wa sukuma wiki. Ila usikatekate nyembamba: toa mishipa, kata vipande vya upana wa vidole vitatu, chemsha saa nzima kwa moto mdogo na kitunguu, pilipili na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Asiyekula nguruwe atie aliya (nyama iliyokaushwa), ailoweke kwanza, na chumvi aionje mwishoni. Usimwage ule mchuzi! Huko wanauita pot likker, na mkate unachovywa humo.

Watoto wapewe kuchekecha unga na kuvunja mayai, makaa ya kifuniko waachie wakubwa. Mkate ukibaki, usiupashe. Uvunjie kwenye glasi ya mala baridi, ule kwa kijiko. Kusini wanafanya hivyo tangu zamani, ugali na mala tu huo, sema umeokwa.