Sera zipi za soko huria zinashusha kweli bei ya petroli Marekani, na kwa senti ngapi?

Mpima Galoni (mwanzisha mada)

Wakuu, kila uchaguzi Marekani wimbo ni ule ule: chimbeni zaidi, punguzeni urasimu, petroli itashuka. Lakini mwaka 2022 nchi ile ilikuwa tayari inaongoza duniani kwa kuchimba mafuta, na bado mwezi Juni wastani wa galoni moja ulivuka dola 5. Naomba mchanganuo wa hatua moja moja. Serikali ikilegeza mkono, ni wapi bei ya pampu inaguswa na wapi ni maneno ya jukwaani tu? Ushabiki wa vyama tuuache mlangoni.

Pipa 42

Mkuu, anza na hesabu. Pipa ni galoni 42, kwa hiyo mafuta ghafi yakisogea dola 1 kwa pipa, galoni inasogea kama senti 2.4. Ghafi ya dola 80 ni kama dola 1.90 kwa galoni kabla hata haijaingia kiwandani. Ya dola 60 ni 1.43. Anayeahidi kushusha petroli kwa dola nzima kwa njia ya uchimbaji peke yake anaahidi kuangusha ghafi kwa dola 42 kwa pipa.

Hapo ndipo ahadi inajipiga ngwala. Kwenye bonde la Permian, Texas na New Mexico, kampuni zinahitaji dola 60 na kitu kwa pipa ili kisima kipya kilipe. Bei ikienda chini ya hapo, mitambo inapaki. Na visima vya kupasua miamba huzeeka haraka: zaidi ya nusu ya uzalishaji huweza kupotea mwaka wa kwanza, hivyo ukiacha kuchimba vipya, upungufu unauona mapema. Hakuna amri ya rais inayofuta jambo hilo.

Vibali vina kazi yake, lakini polepole. Ardhi ya serikali kuu pamoja na maji ya Ghuba ya Mexico hutoa kama robo ya mafuta ya nchi. Mrabaha wa vitalu vya nchi kavu ulipandishwa mwaka 2022 kutoka asilimia 12.5 hadi 16.67, ukarudishwa 12.5 mwaka 2025. Watu walishangilia kana kwamba petroli ingeshuka Jumatatu. Kiwango hicho ni cha mikataba mipya. Kisima kilichokodishwa 2015 hakikuguswa. Mimi ningeweka nguvu kwenye vibali vya mabomba kuliko vitalu. Sheria ya 2023 tayari imeweka ukomo wa miaka 2 kwa tathmini kamili ya mazingira na mwaka 1 kwa ile fupi. Kinachobaki kuburuza miradi ni kesi zinazofunguliwa baada ya tathmini kutoka, na majimbo yanayozuia bomba lisipite kwao.

Mchanganyaji

Pipa 42 kasema vizuri upande wa kisima, ila dereva hanunui ghafi. Ananunua petroli, na petroli ya Marekani si bidhaa moja.

Kwanza kiwanda. Mara ya mwisho kujengwa kiwanda kipya kikubwa cha kusafisha mafuta ni Garyville, Louisiana, mwaka 1977. Vya zamani vimepanuliwa, lakini vingi vya pwani ya Ghuba na vya kati ya nchi viliwekewa mitambo ya gharama kubwa ya kuvunjavunja mafuta mazito, na yanayotoka Permian ni mepesi. Ndiyo maana nchi inauza mepesi nje na wakati huohuo inanunua kama mapipa milioni 4 kwa siku kutoka Canada. Huo si uzembe. Kila kiwanda kinakula ghafi kilichojengewa.

Pili mapishi. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, petroli ya vituoni lazima isiwe nyepesi kupita kiasi kugeuka mvuke: kikomo cha kawaida ni pauni 9 za mgandamizo wa mvuke kwa inchi ya mraba, na maeneo mengine chini zaidi. Majira ya baridi inaruhusiwa kufika hata 15. Tofauti hiyo huwa ni butani, gesi inayochanganywa kwenye petroli, ambayo ni ya bei rahisi ila mgandamizo wake ni kama 52, kwa hiyo tone tu linaharibu hesabu. Masika ikifika, butani inatolewa, nafasi yake inajazwa na vitu ghali, na matangi ya depo lazima yamalizwe mchanganyiko wa zamani kwanza. Bei hupanda kila mwaka hata ghafi ikiwa imetulia.

Juu ya hapo kuna mapishi ya majimbo. California ina yake, jiji la Phoenix lina yake. Hakuna bomba linaloleta petroli kutoka viwanda vya Ghuba hadi California. Mabomba ya kule yanatoka nje kwenda Nevada na Arizona. Kiwanda kimoja kikipata hitilafu, shehena mbadala inatoka Asia kwa meli, inachukua wiki kadhaa, na lazima iwe imechanganywa kwa kanuni za California. Halafu mwaka 2024 na 2025 zikatangazwa mipango ya kufunga viwanda viwili, Los Angeles na Benicia. Kuruhusu petroli ya majimbo jirani iingie wakati wa dharura, bila kusubiri saini ya mtu, kungepunguza yale mapando ya ghafla kuliko mnada wowote wa vitalu.

Ethanoli nayo, yaani alkoholi inayochanganywa kwenye petroli. Sheria ya 2005, ikapanuliwa 2007, inalazimisha kuchanganya, na kiwanda kisichochanganya chenyewe kinanunua hati za kuthibitisha kwamba kuna aliyechanganya. Gharama ya hati hizo inaingia kwenye galoni. Lakini msidhani kufuta lazima hiyo kutaiondoa ethanoli sokoni. Viwanda hutoa petroli ya oktani (kipimo cha petroli kutogonga injini) 84 hivi, kisha asilimia 10 ya ethanoli huipandisha hadi 87. Mbadala wa kupandishia oktani ni ghali, kwa hiyo wengi wangeendelea kuitumia kwa hiari yao.

Nahodha wa Depo

Mmesahau meli. Sheria ya 1920, inayojulikana kama Jones Act, inataka shehena kati ya bandari mbili za Marekani ibebwe na meli iliyoundwa Marekani, yenye wenyewe Wamarekani na mabaharia wa huko. Meli za mafuta zenye sifa hizo ni chache na nauli yake inauma. Matokeo: petroli ya Houston inakwenda Mexico, huku kaskazini mashariki wakiagiza ya Ulaya. Bomba la Colonial, linalotoka Ghuba hadi pwani ya mashariki, linasaidia, ila likijaa, limejaa. Na Mei 2021 liliposimamishwa kwa shambulio la mtandao, vituo vya kusini mashariki vilikauka. Gesi ni vilevile: Januari 2018 Boston ilipokea gesi ya kimiminika yenye asili ya Urusi, kwa kuwa hakukuwa na meli ya kuleta gesi ya Ghuba kihalali.

Kufuta sheria hiyo kunasaidia pwani ya mashariki na Puerto Rico. Mkazi wa Kansas hatasikia kitu.

Mpima Galoni

Nimewaelewa. Vipi kusimamisha kodi, kuzuia kuuza mafuta nje, au kuweka bei elekezi?

Pipa 42

Kodi ya serikali kuu ni senti 18.4, haijapandishwa juu ya hapo tangu 1993. Kwa tangi la galoni 15 ni dola 2.76, na si zote zinamfikia dereva, kwa sababu inatozwa depo na si kwenye pampu. Mfuko wa barabara ndio unaopungukiwa.

Kuuza ghafi nje kulizuiwa 1975 hadi 2015. Petroli yenyewe ilikuwa huru kuuzwa nje sehemu kubwa ya muda huo, kwa hiyo bei ya pampu ilifuata dunia, na nafuu ya ghafi ilibaki kwa wenye viwanda. Bei elekezi Hawaii waliijaribu kwenye bei ya jumla Septemba 2005, Mei 2006 wakaisimamisha.

Mchanganyaji

Na kabla ya kulaumu Washington, waangalie majimboni. Wisconsin ina sheria ya tangu 1939 inayomkataza mwenye kituo kuuza rahisi mno: faida ya chini ni asilimia 9.18 juu ya bei ya depo, isipokuwa anafuata bei ya mshindani. Depo ikiwa dola 2.50, hizo ni kama senti 23. New Jersey nayo tangu 1949 hairuhusu dereva ajijazie mwenyewe, kwa hiyo mshahara wa mjazaji umo ndani ya galoni. Oregon walilegeza 2023.