Mjadala: Utabiri wa mvua ukishatoka, pesa za mafuriko zinasubiri nini?

Wakenya wenzangu, nataka tulijadili hili kabla vuli nyingine haijatukuta tumeketi.

Mwishoni mwa Agosti 2023, Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zingepita kiwango cha kawaida sehemu kubwa ya nchi. Sababu ilikuwa wazi: El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, ilikuwa imeshika, na Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mambo hayo mawili yakikutana, vuli yetu huwa nzito. Oktoba, Rais William Ruto akasema wataalamu wamebadilisha utabiri, kwamba hakuna El Niño, ni mvua kubwa tu isiyofikia kiwango cha maafa. Novemba maji yakaja Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, hadi Mombasa. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Wengi walimaliza hasira zao kwenye kauli ile. Mimi naona hata isingetolewa, tungefika palepale, maana utabiri ule haukumlazimisha mtu yeyote kutoa hata shilingi. Ulisomwa redioni, magavana wakaunda kamati, basi.

Ukame hatuufanyii hivyo. Kule Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, mpango wa serikali wa kuzisaidia familia maskini kwa pesa, HSNP, unaangalia picha za setilaiti za majani. Majani yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, familia za ziada zinatumiwa pesa. Hakuna anayengoja mkutano wa hadhara. Kwa nini kiangazi kiwe na kipimo kinachofungua mfuko, na mafuriko yasiwe nacho?

Mjomba wangu analima mahindi na maembe ukingoni mwa Tana, karibu na Garsen. Mto ukianza kubadilika rangi, jioni huchomeka kijiti pale maji yanapoishia, alfajiri anakwenda na tochi kukitazama. Kikiwa kimemezwa, anaamsha nyumba nzima. Kijiti kile kinampa usiku mmoja: anaokoa watoto, mbuzi na magunia mawili. Utabiri wa Agosti ulitupa majuma yasiyopungua manane. Kwa majuma manane unazibua mitaro, unaweka dawa za kipindupindu zahanati, unasogeza mahindi mahali pa juu.

Ndiyo maana nasema utabiri wa msimu ukivuka kiwango, pesa zitoke bila kungoja tamko la mwanasiasa yeyote. Karibuni.

Mhasibu wa kaunti:
Ndugu, nakuelewa, lakini umesahau 2015. Tulitangaziwa El Niño, mabilioni yakatengwa, na mvua haikufika ile ya 1997. Wananchi wakauliza pesa zimekwenda wapi, na walikuwa na haki ya kuuliza. Utabiri ni uwezekano, si ahadi.

Tena kuna tatizo la sheria. Mfuko wa dharura, kwa Katiba kifungu cha 208 na kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, unafunguliwa kwa hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa. Wewe unaniambia limetabiriwa! Mkaguzi akija nitamjibu nini? Atasema kama ulijua, mbona hukuliweka kwenye bajeti?

Mama Nyando:
Na bajeti inapita Juni, utabiri wa vuli unatoka Agosti. Sasa tuingie wapi? Sisi huku Nyando, Kisumu, mafuriko yakija tunahamia shule kila mwaka, na watoto wanakosa masomo kwa kuwa madarasa tumeyalalia sisi.

Mwanzisha mada:
Mama, umegusa kidonda chenyewe. Asante sana. Mhasibu naye kanifundisha, sikuwa nimelitazama upande huo. Yaani utabiri unaangukia kwenye pengo: umechelewa kuingia bajeti, na umewahi mno kuitwa dharura. Afisa mwaminifu analazimika kungoja watu wasombwe ndipo saini yake iwe halali. Hilo linaniuma kuliko kauli ya mtu yeyote.

Basi narekebisha pendekezo langu. Bunge la kaunti litenge fungu la mafuriko Juni, kila mwaka, likiwa na sharti: lisiguswe mpaka utabiri wa Idara uvuke kiwango kilichoandikwa na kutangazwa mapema. Usipovuka, pesa zinabaki. Na orodha ya matumizi ipitishwe pamoja na fungu, kata kwa kata, ili Desemba mkazi wa Garsen aikague mwenyewe.

Kuhusu 2015, nakubali utabiri unaweza kukosea. Lakini mtaro uliozibuliwa hauharibiki mvua isipofika, na masika ya 2024 yalipokuja, miezi michache tu baada ya vuli ya 2023, mtaro huohuo ungehitajika tena. Kilichopotea 2015 ni hesabu, si mtaro.

Mhasibu wa kaunti:
Fungu lenye sharti naweza kulitetea mbele ya mkaguzi. Ila kiwango chenyewe kiwekwe na Idara, si na ofisi ya gavana. Na mto wa Tana usipimwe kwa mvua ya Tana pekee. Bwawa la Masinga, kule juu ya mto, likifurika, maji yanashuka Garissa hata kama kwenu hakujanyesha tone.

Mwanzisha mada:
Kweli kabisa. Mwaka ule mjomba alichomeka kijiti chini ya anga safi.