Msaada wakuu: grafu ya historia ya kivinjari haisomeki

Mbofyaji
Wakuu, salaam. Nina faili la historia ya kivinjari, nataka niligeuze grafu ya kubofyabofya: kila ukurasa uwe nodi, yaani kitone, kila hatua ya kutoka ukurasa hadi ukurasa iwe mshale. Nimelipitisha Gephi, ile programu ya kuchora grafu, limetoka dude jeusi katikati ya skrini. Kuna kitu lazima nikione humo kabla ya Ijumaa, hata usingizi sipati.

Kikokotoo
Usichore kila ukurasa. Kurasa zote za tovuti moja ziwe nodi moja, ukubwa wake ufuate idadi ya ziara. Injini ya utafutaji na barua pepe ziondoe kwanza, maana zinashikana na kila kitu. Kisha weka kichujio cha tarehe. Na mishale usiikisie kwa kufuata saa: humo kwenye faili kuna safuwima ya from_visit inayotaja ziara iliyozaa nyingine. Mtu akiandika anwani kwa mkono, pale hukaa sifuri.

DadaMkubwa
Mimi nilichora ya kwangu nikijijua ni msomaji wa habari. Nodi iliyovimba kuliko zote ikawa matangazo ya nyumba, na hata kiwanja sina. Nilifunga kompyuta nikalala.

Kipanga
Ijumaa kuna nini? Na historia ni ya nani?

Mbofyaji
Hilo halihusiani na swali.

Kipanga
Linahusiana. Ya kwako usingekesha ukiisaka.

Mbofyaji
Haya, ni ya mke wangu. Kompyuta tunatumia wote na nenosiri alinipa mwenyewe, kwa hiyo sijaiba kitu. Ijumaa anarudi kutoka safari, nataka nimuulize nikiwa na ushahidi. Ushauri wa ndoa sijaomba, naomba grafu.

Mzee_Kivuli
Kijana, ukimchunguza sana bata humli. Mimi na mama watoto simu zinalala mezani, hakuna anayegusa ya mwenzake. Ila mwaka fulani niligusa, nikakuta ananitafutia zawadi, na furaha yote ikaisha palepale...

Chekacheka
Nimekaa siti ya mbele. Nodi ikitikisika mnishtue 😂

Mbofyaji
Shikamoo mzee, lakini hii si zawadi. Kuna nodi ya wakili wa talaka, mishale inaingia tangu mwaka jana. Nataka kujua njia ilianzia wapi, basi.

Kikokotoo
Ngoja. Faili ulilonakili linaitwaje?

Mbofyaji
History. Ni la Chrome.

Kikokotoo
Basi hii chai. Chrome hutunza historia ya siku 90 tu kwenye mashine. Ungesema places.sqlite, faili la historia la Firefox linalokaa na ziara za muda mrefu zaidi, ningekuelewa. Ya mwaka jana umeitoa wapi?

Chekacheka
Nilijua tu! Huyu hata mkeka hana, sembuse mke.

Mbofyaji
Sijatunga. Tena mwaka huu hakuna hata ziara moja, nikajua ameanza kujificha.

DadaMkubwa
Hata zako hazimo? Tarehe uligeuzaje?

Mbofyaji
Zilitoka miaka ya mbele huko, ya 2390 na kitu. Nikatoa miaka 370 zikakaa sawa.

DadaMkubwa
Chrome inahesabu mikrosekunde tangu tarehe 1 Januari 1601, wewe ulihesabu tangu 1970. Tofauti ni miaka 369. Kila ziara umeirudisha nyuma mwaka mzima.

Kipanga
Yaani huyo wakili ni wa wiki hizi hizi. Na kama kompyuta ni ya wote na hakuna wasifu (profile) tofauti kwenye Chrome, ziara zako na zake umezitenganishaje?

Mbofyaji
Za asubuhi ni zake. Mimi huwa kazini. Naweka 369, kisha naondoa injini ya utafutaji, si ndiyo?

Kikokotoo
Hapana, iache. Anayetafuta njia ilikoanzia anahitaji maneno yaliyoandikwa pale. Ila mimi naishia hapo, mengine muulize mwenyewe.

Mzee_Kivuli
Mpigie leo, usingoje Ijumaa.

Chekacheka
Kikokotoo, na hali fiche nayo inaacha kitu humo kwenye hilo faili? Nauliza kwa niaba ya rafiki.