Naomba ushauri: nikipiga magoti maneno hayatoki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandika kutoka Masasi, Mtwara.

Mume wangu alipata kiharusi mwezi wa Juni, mikorosho ikiwa inatoa maua, wakati ule ule wa kupulizia dawa ya salfa. Pampu alikuwa anaibeba yeye. Mimi nikawa hospitalini namuuguza, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukaingia shambani, maua yakawa meupe kisha yakakauka. Sasa wenzetu wanapeleka magunia ghalani, sisi hatuna kitu, na deni la palizi linadaiwa.

Sijamwacha Mungu, naomba hilo lieleweke. Ila kusali kumenishinda. Mchungaji amekuja, tumefunga pamoja, akanipa Habakuki 3:17-18, pale nabii anaposema atamfurahia Bwana hata mashamba yasipotoa chakula. Naliamini neno lile, lakini kulitamka kama langu bado siwezi. Linalonifikia ni Zaburi 88, ambayo inaishia gizani, bila sifa. Dada mmoja wa kikundi cha maombi ameniambia zaburi hiyo asisomewe mgonjwa, eti inakaribisha roho ya kukata tamaa. Na mume wangu ndiye anayetaka niirudie! Ulimi wake bado mzito, ila nikifika mwisho ananibana kidole kwa mkono wa kushoto, ndio uliobaki na nguvu.

Naombeni mnisaidie: niendelee kumsomea, au niiache? Na ninyi mliopitia msimu kama huu, jioni mlikuwa mnasali nini hasa, siku ambazo maneno hayakuwepo?