Filamu ya King Kong, lile sokwe kubwa, ya 1933 na ya 2005, ipi kali?

Wakuu, jana nimemaliza ya 2005 ya Peter Jackson, masaa matatu na ushee, mpaka wanafika kisiwani karanga zangu zimeisha. Ya zamani ina nini cha zaidi?

— Mkuu ile ni dakika 100 tu hivi, haikuzungushi. Afu cheki manyoya yanavyotikisika hovyo, yule alikuwa mdoli anasogezwa kwa mikono kidogo kidogo picha moja moja, vidole vinaacha alama!

— Sawa ila macho ya Kong wa 2005, aliyeigizwa na Andy Serkis, yanaongea bwana, pale wanateleza kwenye barafu na yule dada mi nililia, msinicheke.

— Ya 1976 mmeisahau? Yule alipanda minara pacha ya New York, sio jengo la Empire State kama hao wengine, na mara nyingi ni jamaa kavaa vazi la sokwe 😂