Ubuntu 22.04 kwenda 24.04: nipandishe juu kwa juu au niinstoli upya?

stationari_nyegezi:
Wakuu kwema? Nina PC ya stationari hapa Nyegezi inatumia mfumo wa Ubuntu, iko toleo la 22.04 nataka iende 24.04, sasa kinachonitia wasiwasi ni vitu nilivyokwisha kuvipanga, fonti za kadi za harusi, printa mbili, Inkscape, GIMP na madude mengine hata siyakumbuki. Jamaa mmoja anasema pandisha juu kwa juu, mwingine anasema anza upya ila uiache /home (folda ya mafaili yangu). Ipi haitanila? Jumamosi nina kadi za watu.

fundi_kirumba:
Juu kwa juu mkuu, sudo do-release-upgrade basi. Programu na settings vinabaki. Ila zile repo za pembeni (PPA, sehemu za kushushia programu zisizo za Ubuntu wenyewe) inazizima, utaziwasha mwenyewe baadae. Na uwe na umeme wa uhakika, mimi ulikatika katikati, mashine ikagoma kuwaka, mpaka nilipoingia recovery (ile menyu ya kuokolea mashine) nikapiga dpkg --configure -a ndo ikaendelea pale ilipoishia. Jasho lilinitoka asikwambie mtu

mama_dagaa:
Mi naanzaga upya kila mara, inakuwa nyepesi. /home yangu iko patisheni yake, wakati wa kuinstoli naichagua bila kuiformat na jina la yuza naweka lilelile. Ila watu wanajidanganya hapa, /home inatunza settings, programu haitunzi. Kabla hujafuta piga apt-mark showmanual > programu.txt uihamishie kwenye flashi, ukimaliza unazirudisha kwa hiyo listi, na ikiwa na jina moja tu ambalo toleo jipya halina, apt (amri ya kuinstoli programu) inagomea zote, kwahiyo utakaa unachambua. Programu ulizoinstoli kwa njia nyingine, yaani snap na flatpak, haziko humo, andika pembeni

stationari_nyegezi:
Dada /home yangu haijatengwa, siku ile nilibonyeza next next tu 😅 na printa je?

mama_dagaa:
Printa ziko /etc/cups kaka, ukifuta zimeenda. Fonti angalia, zikiwa ~/.local/share/fonts ziko salama, zikiwa /usr/share/fonts zinafutika. Kopi /etc yote, uifunge kuwa faili moja kwa tar kwanza maana diski zilizoformatiwa FAT hazitunzi ruhusa za mafaili.

fundi_kirumba:
Si ndo nilichosema, kama haijatengwa pandisha juu kwa juu. Na msimtegemee Timeshift (programu ya bakapu ya mfumo) kwa mafaili yenu, yenyewe /home inairuka usipoiambia

kijana_wa_igoma:
Kwani haraka ya nini, 22.04 si ina sapoti mpaka 2027? Toa kadi za watu kwanza

stationari_nyegezi:
Nimecheki, fonti karibu zote ziko /usr/share/fonts, si ndo ningelia. Basi juu kwa juu, Jumapili baada ya ibada. Mwenye hard disk ya kuazima nifanyie bakapu kwanza, upande wa Mkolani au Buhongwa anicheki PM, nitamrudishia na sato wawili.